Naomba ushauri: Nihifadhije kumbukumbu za babu aliyesukuma kiberenge enzi za treni za mvuke?

Mjukuu wa Saranda:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na wakubwa zangu shikamooni.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi Reli ya Kati tangu enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Alianza kama kibarua wa genge (kikundi cha kutengeneza njia ya reli), akawa msukumaji wa kiberenge, yaani kigari kidogo cha kupita juu ya reli, cha mkaguzi wa njia, na mwishowe akawa mnyapara wa genge katika kipande cha Saranda hadi Manyoni, pale reli inapopanda ukuta wa Bonde la Ufa. Sasa ni mzee sana, macho yamepungua nguvu, lakini kauli anayo. Jirani yake ni mstaafu mwenzake aliyekuwa fayamani (mtunza moto) wa vichwa vya mvuke kabla ya kupandishwa cheo kuwa dereva. Wazee hawa wakikaa barazani jioni, mazungumzo yao ni reli mwanzo mwisho, nami nimekusudia kuyarekodi na kuyaandika kwa ajili ya familia na kwa yeyote atakayeyahitaji baadaye.

Nimekwama mahali kadhaa. Tuna picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, inayomwonyesha babu na wenzake watatu wamesimama kando ya kiberenge kilichokwisha kuondolewa relini, na nyuma yao kimesimama kichwa cha mvuke. Namba yake imezibwa na bega la mmoja wao, kwa hiyo zinasomeka tarakimu mbili za mwanzo tu, 3 na 0. Ubavuni mwa tangi la nyuma zinaonekana herufi EAR&H. Mjomba wangu anashikilia kwamba hicho ni kichwa kimojawapo cha yale majitu yaliyopewa majina ya milima, na ameshawatangazia ndugu wote hivyo. Babu anasema hapana, na kwamba picha ilipigwa mwaka wa Uhuru.

Jambo la pili limenitia wasiwasi kuhusu kumbukumbu za wazee wenyewe. Jirani ameniambia zaidi ya mara moja kwamba kazi yake mojawapo ilikuwa kutia mchanga ndani ya moto wa injini. Binti yake aliyekuwapo alinikonyeza, kama kwamba mzee amechanganya mambo, nami sikujua niandike au niache.

La mwisho ni kwamba mjomba amepata mtu anayetaka kununua taa ya babu ya mafuta ya taa, ile yenye vioo vya rangi, pamoja na nyundo yake ya genge. Naomba maoni ya wenye uzoefu kuhusu yote haya.

Dohani Ndefu:

Mjukuu, tuanze na picha, kwa kuwa jibu lake unalo tayari mkononi. Reli ya Afrika Mashariki ilivipa vichwa vyake vya mvuke namba za tarakimu nne, ambapo mbili za mwanzo ni aina ya kichwa na mbili za mwisho ni nafasi yake ndani ya aina hiyo. Kichwa kinachoanza na 30 ni cha aina ya 30, moja ya aina tatu, yaani 29, 30 na 31, ambazo vichwa vyake vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Aina ya 30 ilitengenezwa na kampuni ya North British ya Glasgow, ikaanza kazi katikati ya miaka ya 1950, na ilifungiwa tenda, yaani gari la nyuma la maji na mafuta, yenye tangi kubwa la maji kwa sababu ilikusudiwa njia kavu kama hiyo yenu, ambako kutoka kituo kimoja cha maji hadi kingine ni mwendo mrefu. Kimoja cha aina hiyo, namba 3020 kiitwacho Nyaturu, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, kwa hiyo unaweza kutafuta picha zake na kulinganisha magurudumu, chumba cha dereva na tenda.

Vile vya milima ni aina ya 59. Vilitengenezwa 34, na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa na uzito wa takriban tani 250 kila kimoja, na hakuna kichwa cha mvuke cha reli yenye upana wa mita moja duniani kilichokuwa kikubwa kuliko hivyo vilipokuwa kazini. Viliundwa hasa kwa ajili ya njia ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo reli zake ziliweza kubeba uzito huo. Navyo havina tenda kabisa: boila inaning'inia katikati ya injini mbili, tangi moja la maji liko mbele kabisa, na mafuta na maji mengine yako nyuma ya dereva. Mtu aliyewahi kukiona hawezi kukichanganya na kichwa chenye tenda. Mjomba asivunjike moyo, maana viwili vilivyosalia Nairobi, 5918 na 5930, vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena, na milima yote miwili iko kwetu Tanzania.

Kuhusu tarehe, herufi EAR&H, yaani East African Railways and Harbours, zinakusaidia sana. Shirika lenye jina hilo liliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, na bandari zilitengwa nalo mwaka 1969. Kwa kuwa aina ya 30 haikuwapo kabla ya katikati ya miaka ya 1950, picha yako iko kati ya hapo na 1969 au muda mfupi baadaye, maana herufi za ubavuni hazikufutwa siku moja. Mwaka wa Uhuru, 1961, unaangukia ndani yake bila taabu yoyote. Kwa ushahidi uliopo, mshindi ni babu.

Fundi Boila:

Mimi nilijifunza ufundi karakana wakati vichwa vya mvuke vinaelekea kwisha, na wazee walionifundisha walikuwa wa rika la huyo jirani yenu. Tafadhali mwambie binti yake asimkonyeze mtu tena, kwa sababu baba yake yuko sahihi kabisa.

Vichwa vya wakati huo viliunguza mafuta mazito, si makaa ya mawe kama wengi wanavyodhani kwa kuangalia picha za Ulaya. Mafuta hayo yakiungua huacha masizi, na masizi yakiganda ndani ya mabomba ya boila huzuia joto la moto kufika kwenye maji, hata presha ikaanza kushuka huku mafuta yakiteketea bure. Dawa yake ilikuwa mchanga mkavu. Dereva alifungua mvuke injini ivute kwa nguvu, fayamani akachota mchanga kwa kijiko kikubwa cha chuma, akausogeza kwenye tundu la mlango wa tanuri, na mvuto wa moshi ukaunyonya kutoka mkononi mwake na kuupitisha mabombani, ukakwangua masizi yote na kuyatoa kwa dohani. Moshi ulitoka mweusi tititi kwa muda mfupi, kisha ukasafika. Fayamani mwenye adabu alifanya hivyo porini, kabla ya kufika stesheni, kwa sababu akina mama waliokuwa wameanika nguo karibu na njia walijua majina ya mafayamani wote na hawakuona haya kuyataja.

Hata hivyo, muulize mzee anazungumzia mchanga upi, maana ulikuwapo wa aina mbili. Upo huo wa tanurini, na upo uliohifadhiwa kwenye masanduku ya kichwa na kushushwa kwa vibomba mbele ya magurudumu yanapoteleza juu ya reli yenye unyevu au mlimani. Kwenye mpando wa Saranda, treni ikiwa nzito na reli ina umande, ninaamini alitumia wote wawili katika safari moja. Muulize pia aliitambuaje hali ya moto bila kuuchungulia. Fayamani mzuri aliusoma kwenye moshi: mweupe ulimwambia hewa imezidi, mweusi ukamwambia mafuta yamezidi, na alichotafuta ni ule wa kijivu hafifu. Akikueleza hivyo kwa maneno yake mwenyewe, utakuwa umepata kitu ambacho vitabu vingi vya reli vinakipita juujuu.

Binti wa Genge:

Nimesoma majibu yaliyotangulia na nimenufaika, lakini naona tunarudi palepale tunaporudi siku zote. Babu wa ndugu yetu alikuwa mtu wa njia, na sisi tumeshaandika aya nyingi kuhusu kichwa cha treni kilichosimama nyuma yake. Baba yangu alikuwa kibarua wa genge upande wa Kilosa, na katika maisha yake yote sikumwona mtu akimfuata kumuuliza chochote, ilhali madereva walialikwa kwenye sherehe na kupigwa picha.

Muulize babu kuhusu kiberenge. Vile vya injini, ambavyo vingi duniani vilitoka kampuni ya Wickham ya mji wa Ware huko Uingereza, vilikuja na vikawa vya wakubwa, lakini cha kusukuma kilikuwa jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne ya chuma, na benchi la mkaguzi mbele. Wasukumaji walikimbia juu ya reli yenyewe, mguu mbele ya mguu, wengine peku, na mikono yao imeshika upau wa nyuma. Muulize walijifunzaje kukimbia juu ya chuma chembamba hivyo bila kutazama chini, walifanyaje mchana reli ilipokuwa inaunguza nyayo, na ni nani aliyeamua wakati wa kudandia mteremko ulipoanza. Kutoka Manyoni kushuka Saranda hapakuwa na haja ya kusukuma, ila breki ilikuwa gogo la mti linalokandamizwa kwenye gurudumu kwa wenzo, na ningependa sana kujua ilinuka vipi walipofika chini.

Muulize pia habari za usalama. Kiberenge hakikuingia njiani bila stesheni masta kutoa ruhusa, lakini watu wa njia wanajua kwamba karatasi ni karatasi na treni ni treni. Waliweka sikio kwenye reli? Walitanguliza mtu mwenye bendera nyekundu kwenye kona? Walitumia muda gani kukiinua wanne na kukiweka kando? Katika picha yako kiberenge kimeshatolewa njiani na kichwa kimesimama, na mimi najiuliza kwa nini treni ilisimama hapo. Huenda ni stesheni, huenda ni jambo jingine, na babu pekee ndiye anayejua.

Usisahau masika. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli inafuatana na mto Mkondoa, kimesombwa na maji mara nyingi, na magenge ya mbali yaliitwa kwenda kusaidia. Mlinzi wa njia alitembea usiku na taa, akimulika tuta kama limekatika, na akiona hatari alifunga fataki juu ya reli ili zilipuke chini ya magurudumu na kumwamsha dereva. Taa hiyo mnayotaka kuiuza huenda ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Mtunza Nyaraka:

Nimefanya kazi ya kuhifadhi kumbukumbu kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaongeza upande wa utaratibu.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti, waeleze wazee wazi kwamba kazi hii haihusiani na mafao. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walihangaikia malipo yao kwa miaka mingi, na kila kijana mwenye daftari aliyewajia alileta ama matumaini ama hofu. Usipolisafisha hilo mwanzoni, mzee atakusimulia tarehe za ajira na vyeo kama anavyotoa ushahidi, na hutapata kazi yenyewe. Mhakikishie pia kwamba atakisikia au kusomewa utakachoandika kabla hujampa mtu mwingine, na utimize.

Usianze kwa kuuliza mwaka. Mzee akiulizwa mwaka hujitahidi kukuridhisha, naye hutaja wowote. Mpe kitu mkononi, iwe nyundo, taa au picha, halafu muulize siku ya kazi ilianzaje: nani aliwaamsha, walikula nini, mnyapara aligawaje kazi, mtaimbo ulishikwa na wangapi, kokoto zilishindiliwa vipi chini ya taruma (nguzo za kulalia reli), na walijuaje kwamba reli imekaa sawa. Magenge yaliimba wakati wa kuinua reli, na nyimbo hizo zilikuwa kipimo cha nguvu za pamoja, hivyo ukiweza kumpata aimbe hata kipande, usimkatize. Miaka utaipata baadaye kwa kulinganisha na mambo yanayojulikana, kama Dohani Ndefu alivyofanya na herufi za tenda.

Warekodi kwanza kila mmoja peke yake, kisha wakutanishe. Wakiwa pamoja watabishana, na ubishi huo una thamani kubwa, ila mwenye sauti ndogo humezwa, na kwa desturi ya reli mtu wa genge humwachia dereva aseme. Mkipishana nao kwa jambo lolote, andika walivyosema, kisha pembeni andika ulichokipata kwingine. Kama ungelifuta suala la mchanga kwa sababu ya konyezo moja, ungefuta ukweli.

Picha usiifute kwa kitambaa chenye maji. Iskani kwa nukta 600 kwa inchi, pande zote mbili, kwa kuwa nyuma kunaweza kuwa na mhuri wa studio au maandishi yaliyofifia, na majina ya waliosimama yaandike kwa penseli laini kwenye bahasha ya kuihifadhia, si juu ya picha. Nakala za sauti ziwe mahali pawili tofauti, na simu yako isiwe mojawapo. Baada ya hapo, zungumza na Nyaraka za Taifa au kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu kuwakabidhi nakala. Kwa kuwa makao makuu ya shirika lile yalikuwa Nairobi, makumbusho ya reli ya huko nayo inafaa kuandikiwa kuhusu picha yenyewe.

Mkaguzi wa Njia:

Kuhusu taa na nyundo, mimi nitakuwa mkali kidogo. Vifaa hivyo vilikuwa vya shirika. Mzee kubaki na taa yake ya kazini ni jambo la kawaida na sijasikia mtu akisumbuliwa kwa hilo, lakini siku kitu chenye mhuri wa reli kinapoingia kwenye mikono ya mnunuzi wa vyuma, maswali huanza, na anayeulizwa ni muuzaji. Serikali imekuwa ikiwashughulikia watu wanaong'oa na kuuza vyuma vya reli kama wahujumu wa miundombinu, na polisi hana muda wa kutofautisha nyundo ya urithi na mataruma yaliyoibwa jana.

Geuza taa chini utazame mhuri. Ukiona TR, basi yaelekea ilianzia Reli ya Tanganyika kabla ya muungano wa 1948, na ni ya zamani kuliko ajira ya babu mwenyewe. Makumbusho ikiihitaji, mnaweza kuwakopesha kwa maandishi kwa ajili ya maonyesho, na umiliki ukabaki kwenu.

Jambo jingine: usimpeleke mzee kutembea juu ya njia ili akuonyeshe mahali palipopigwa picha. Njia ya zamani bado ina treni hata baada ya reli ya kisasa kuanza kubeba abiria mwaka 2024. Omba ruhusa kwa maandishi, na mkiruhusiwa kaeni kwenye jukwaa la stesheni.

Mjukuu wa Saranda:

Nawashukuru sana wote. Nimewasomea wazee majibu haya, na niseme tu kwamba Fundi Boila ana rafiki mpya, kwa sababu jirani yetu aliomba sehemu ya mchanga irudiwe mbele ya binti yake. Anasema ni kweli mchanga ulikuwa wa aina mbili, na kwamba ule wa tanurini ulipaswa kuchekechwa na kukaushwa, kwa kuwa wenye unyevu uliganda.

Swali la Binti wa Genge limetoa jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelijua. Nilimuuliza babu kwa nini treni ilisimama. Alisema pale hapakuwa stesheni. Wao walikuwa wamekuta kibao cha kuunganishia reli kimepasuka, wakakiondoa kiberenge njiani, wakamtanguliza mtu na bendera kwenda kuisimamisha treni iliyokuwa inapanda, na fundi wao akabadilisha kibao huku abiria wakichungulia madirishani. Mkaguzi alikuwa na kamera, na picha aliipiga wakati wanasubiri dereva apandishe presha tena ya kuanzia mlimani. Aliyeziba namba kwa bega lake ndiye aliyekimbia na bendera.

Mjomba amekubali taa isiuzwe kwa sasa, ingawa kuhusu majitu ya milima bado anasema atakwenda Nairobi kujionea mwenyewe. Taa nimeigeuza, na chini yake kuna mhuri uliolika ambao herufi yake ya kwanza ni T.

Dohani Ndefu:

Ipige picha huo mhuri kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, kivuli kiingie ndani ya herufi, kisha uiweke hapa. Na jina la huyo aliyekimbia na bendera liandike kwenye bahasha leo.

Binti wa Genge:

Muulize na mkaguzi alimpaje babu nakala ya picha. Wakaguzi wengi wa wakati huo walikuwa Wazungu au Wahindi, na vibarua hawakuwa wakitumiwa picha zao. Hapo pana hadithi nyingine.

Mjukuu wa Saranda:

Nitamuuliza Jumapili, tukishamaliza kumrekodi jirani sehemu ya maji na boila. Nikipata jibu nitaliweka hapa pamoja na picha ya mhuri.